Msimbazi utachimbwa, sawa, ila tope la mwaka wa kumi atalitoa nani?

Tangu nyumba za mabondeni zianze kuvunjwa kupisha mradi wa bonde la mto Msimbazi hapa Dar, maneno ni mengi mjini. Kwenye mwendokasi, vijiweni, kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wengi wanauongelea kama vile kinachokuja ni mfereji mkubwa tu, utachimbwa, maji yatapita yaende zake baharini na habari ya mafuriko Jangwani itakuwa imeisha. Wanaoushangilia wanasema hivyo, na wanaouponda nao kimsingi wanasema hivyo hivyo, tofauti yao ni kwamba mmoja anaamini mfereji utachimbwa vizuri na mwingine anaamini hela italiwa kabla kazi haijafika Kigogo. Mimi naona wote wameng'ang'ania sehemu ambayo sio yenyewe. Ukifuatilia historia ya mifereji, tangu enzi za Mafirauni mpaka Suez na Panama, kuchimba ni kazi ambayo binadamu ameiweza mara nyingi kuliko tunavyodhani, kwa majembe na vikapu au kwa mitambo. Kinachowashinda watu ni miaka inayofuata, pale mchanga na tope vinapoanza kurudi kidogo kidogo na hakuna aliyepangiwa kuvitoa, hakuna bajeti yake, na aliyekata utepe keshahamishwa kituo. Kwa hiyo swali kubwa la Msimbazi kwa maoni yangu ni nani atakuwa anautoa mchanga, kwa hela ipi, na mwananchi wa kawaida atajuaje kama kazi imefanyika. Hilo swali sijalisikia likiulizwa kwa nguvu inayostahili na linanisumbua sana, maana tukilikosa, watu waliovunjiwa nyumba zao watakuwa wameumia bure.

Tuanze na mto wenyewe. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu huko Kisarawe, unashuka kama kilomita 35 hivi, unapokea vijito njiani, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, alafu unaingia baharini pale daraja la Salenda. Desemba 2011 ulifurika ikawa msiba wa taifa, watu wapatao 40 walikufa Dar, na baada ya hapo serikali ikahamishia familia nyingi Mabwepande. Wengine walirudi, wengine wapya wakaingia, na mafuriko yakaendelea. Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani mara nyingi kiasi kwamba mtu wa Kimara akisikia mvua ya usiku anajua kabisa kesho mjini hafiki kwa njia ya kawaida. Karakana ya mwendokasi nayo ikajengwa humo humo bondeni, na mabasi yakafikiwa na maji. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikapitisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili, Uhispania na Uholanzi nao wakaingia. Mpango wenyewe ukiuangalia, hausemi kwamba mto utageuzwa mtaro wa zege. Unasema mto upanuliwe, upewe nafasi ya kutanuka mvua zikija, pembeni kuwe na ngazi za ardhi na bustani kubwa ya mji, mikoko ilindwe kule mdomoni, daraja la Jangwani liinuliwe. Kama mpango ni mzuri sana, kwa nini nina wasiwasi? Kwa sababu mpango wa namna hii unategemea matunzo kuliko hata mtaro wa zege.

Hapa inabidi tuelewane kuhusu tabia ya maji, maana watu wengi wanadhani mfereji ukiwa mpana basi unajisafisha. Ni kinyume chake. Maji yanabeba mchanga yakiwa na kasi, yakipoa mwendo yanauachia. Mto ukiupanua, zile siku za kawaida ambazo ndo nyingi kwenye mwaka, maji yale yale machache yanasambaa kwenye nafasi kubwa, yanatembea taratibu, na mchanga unalala. Alafu Msimbazi ukishafika Kigogo kushuka chini hauna tena mteremko wa maana, nchi imelala, na kule mdomoni kuna bahari. Dar tofauti ya maji kupwa na kujaa inaweza kuzidi mita 3 siku za bamvua, kwa hiyo bahari ikijaa maji ya mto yanasimama yanasubiri, na yakisimama yanamwaga kila kitu yalichobeba kuanzia mchanga wa Pugu mpaka chupa za Tabata. Hii haibadilishwi na mkandarasi hata angekuwa bora kiasi gani, ni umbile la sehemu yenyewe. Bandari ya Dar wenzetu walichimba wakaongeza kina hadi mita 14.5 kwenye magati yale ya mwanzo, na kila anayefanya kazi bandarini anajua kina hicho kinabaki kwa sababu kinapimwa na kuchimbwa tena. Mto nao unataka hivyo hivyo.

Mfano ambao huwa naurudia kila ninapoongea na watu kuhusu hili ni ule mfereji wa zamani wa Misri uliounganisha mto Nile na Bahari ya Shamu, zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya Suez hii tunayoijua. Farao Neko anatajwa kuuanza, Dario mfalme wa Uajemi akauendeleza miaka ya 500 kabla ya Kristo, baadaye Warumi chini ya Trajan wakauchimba tena, na kila utawala ulipolegea mchanga ukauziba. Waislamu walipoingia Misri, Amr ibn al-As aliufungua upya kwa amri ya Khalifa Umar, ilikuwa ni baada ya ile njaa kali iliyoipiga Hijazi, nafaka ya Misri ikawa inapita kwa majahazi mpaka Bahari ya Shamu na kufika Madina, na ukaitwa Mfereji wa Amiri wa Waumini. Ulitumika kwa zaidi ya miaka mia moja mpaka Khalifa al-Mansur alipoamuru ufungwe mwaka 767 ili waasi wa Madina wasipate chakula. Angalia hapo, wafalme wakubwa kabisa wa dunia ya zamani, kila mmoja kachimba, na karibu kila mmoja alichokuwa anachimba ni mfereji wa mwenzake uliojaa mchanga. Hakuna aliyeshindwa kuchimba. Walishindwa kuwa na mtu wa kudumu wa kuutunza pale ambapo dola inabadilika mikono.

Suez ya sasa ilichimbwa 1859 mpaka 1869, mwanzoni kwa nguvu za fellahin, yaani wakulima wa Misri, waliolazimishwa kufanya kazi jangwani, na hii nayo ingekuwa imeshazibwa na mchanga zamani kama sio kwamba una mamlaka yake, mapato yake na mitambo yake ya kuchimba inayofanya kazi mwaka mzima. Wengi tunakumbuka ile meli ya Ever Given ilivyokwama Machi 2021 siku sita dunia nzima ikasimama, ila wachache wanakumbuka kwamba moja ya vitu vilivyoinasua ni mtambo wa kuchimba wa Mamlaka ya Mfereji wenyewe, Mashhour, ambao ulikuwa karibu kwa sababu kazi yake ya kila siku ni kutoa mchanga. Ulikwangua mchanga na tope kwa maelfu ya mita za ujazo chini ya ile meli. Nchi isiyo na mtambo wa matunzo ingekuwa bado inaandika barua ya zabuni.

Ila ukitaka mfano bora kabisa nenda China, mkoa wa Sichuan, kwenye mifereji ya Dujiangyan. Kama mwaka 256 kabla ya Kristo gavana mmoja aitwaye Li Bing aliugawa mto Min mara mbili bila bwawa, sehemu moja ikaenda kumwagilia tambarare ya Chengdu, nyingine ikaendelea na safari yake. Leo zaidi ya miaka 2,200 baadaye inafanya kazi, inamwagilia zaidi ya hekta laki sita, na UNESCO wameiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000. Watu wengi wanaisifia dizaini, na kweli dizaini ni ya akili, kwenye kona mto wenyewe unasaidiwa kutupa mchanga kwenye ile sehemu inayoendelea na safari yake. Lakini kilichoiweka hai ni kitu cha kawaida sana, kwamba kila mwaka kipindi cha maji kidogo, upande mmoja wa mto ulikuwa unafungwa kwa magogo na vikapu vya mianzi vilivyojazwa mawe, wanakijiji wanaingia, wanachimba tope mpaka chini. Na wanajuaje wamefika chini? Kulizikwa alama kwenye sakafu ya mfereji, zamani sanamu za mawe na baadaye vyuma, na sheria ilikuwa kwamba hamjamaliza kazi mpaka mmekiona kile chuma. Kanuni imeandikwa kwenye jiwe pale pale, chimba tope kwa kina, kingo la kumwagia maji ya ziada lijenge chini. Nafikiri hiki ndo kitu cha maana kuliko vyote nilivyowahi kusoma kuhusu mifereji, maana hakimtegemei injinia mwenye cheti kusema kazi imefanyika, mkulima yeyote anaweza kusimama pembeni akaangalia kama chuma kinaonekana au hakionekani.

Na wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo, maana Tanzania tuna mifongo ya Kilimanjaro. Wachaga walichimba mamia ya mifereji ya maji kutoka kwenye mabonde ya mlimani mpaka kwenye vihamba, mingine inapita kwenye miamba na miteremko ambayo leo ungeambiwa inahitaji mtaalamu mshauri, na wamisionari na wapelelezi wa Kizungu walipofika karne ya 19 walishangaa. Mfongo ulikuwa na wenyewe, mara nyingi ni ukoo uliouchimba, ulikuwa na mzee wake anayegawa zamu za maji, na siku ya kusafisha ikitangazwa kila anayekunywa maji yale anatoka na jembe, asiyetokea analipa faini au anakosa zamu yake. Ndugu zetu wa Oman nao wana aflaj, mifereji ambayo mingine inapita chini kwa chini, mitano iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006, na kila falaji ina msimamizi wake na sehemu ya maji inayouzwa ili kulipia ukarabati, yaani mfereji unajilipia wenyewe. Hizi ni jamii zilizokuwa hazina katapila hata moja, lakini zilijua kabla ya kuchimba nani atasafisha. Sisi tuna makatapila, na mtaro wa mtaani kwetu uliojengwa kwa zege zuri kabisa ulijaa mchanga nusu haraka sana hata rangi ya vibao vya mradi haijapauka, kila tukiuliza tunaambiwa tuandike barua.

Sasa tuangalie hoja zinazozunguka. Hoja ya kwanza, ya watu ninaowaheshimu kabisa, ni kwamba hizo bustani na ngazi za udongo ni mambo ya wafadhili, tungejenga mfereji wa zege ulionyooka kutoka Tabata mpaka baharini, maji yapige kasi yapite. Hii hoja ina nguvu yake, zege linapitisha maji haraka kweli na kingo zake haziliwi na maji. Los Angeles kule Marekani walifanya hivyo hivyo baada ya mafuriko makubwa ya 1938, sehemu kubwa ya mto wao ikawekwa zege kwa makumi ya kilomita, na mji ukalindwa. Lakini wanaoutaja huo mto wanasahau vitu viwili. Kwanza Los Angeles ina mteremko mkali kutoka milimani, sisi hatuna, maji ya Jangwani yatafika kwa kasi alafu yatagota kwenye bahari iliyojaa na kurudi nyuma kuwafuata watu wa Upanga. Pili, hata hilo zege lao linaishi kwa sababu kule juu chini ya milima walichimba mabeseni makubwa ya kudakia mawe na tope kabla hayajaingia mferejini, na yale mabeseni yanazolewa kwa malori baada ya mvua, ni kazi ya kudumu yenye bajeti. Zege halikuondoa matunzo, liliyahamishia juu. Na kuna mfano wa Florida ambao kwangu ni mzito zaidi, mto Kissimmee, ambao kati ya 1962 na 1971 waliunyoosha ukawa mfereji ulionyooka kwa sababu hizi hizi za mafuriko. Mafuriko yalipungua, ila maeneo oevu yaliyokuwa yanachuja maji yalikauka, ndege wakapotea, uchafu ukawa unatiririka moja kwa moja kwenye ziwa Okeechobee, na Wamarekani wale wale wakatumia miaka kuanzia 1999 mpaka 2021 kuzifukia sehemu za ule mfereji na kurudisha kona za mto, kwa gharama kubwa mara nyingi kuliko ya kuunyoosha.

Hoja ya pili inasema hela hii ni ya kupoteza, mto uachwe na bonde liwe pori. Huwa naielewa inakotoka, watu wamechoka kuona miradi inazinduliwa alafu inaota majani. Na historia inawapa haki kidogo. Kuna mfereji wa Jonglei huko Sudan Kusini, ulianza kuchimbwa 1978 ili maji ya Nile yasipotelee kwenye mabwawa ya Sudd, ulipangwa kilomita 360, ukafika zaidi ya nusu, 1983 vita vikaanza na mradi ukashambuliwa na kusimama, na mpaka leo lile shimo lipo, kavu, limezuia njia za mifugo na wanyama, na lile katapila kubwa limeachwa pale likioza. Yanasemwa mengi kuhusu John Garang, aliyewaongoza waasi wa kusini kwenye vita hivyo, ila lenye uhakika ni kwamba kabla ya kwenda msituni alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu huo mradi wa Jonglei. Mfereji unaochimbwa bila kukubaliana na watu wanaoishi juu yake unaweza kuwa kidonda. Ila Msimbazi hauwezi kuachwa tu hivi hivi, kwa sababu sio mto wa porini tena, ni mto wa mji wenye watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022, mabati na lami vimefunika ardhi kila upande, mvua ya saa moja inamwagika mtoni yote kwa mara moja. Ukiacha, unachoacha ni mafuriko.

Hoja ya tatu ndo dhaifu kuliko zote na kwa bahati mbaya ndo inayosikika zaidi, kwamba tatizo ni watu wa mabondeni, wanatupa taka, wamejenga mtoni, wakishaondolewa mto utatulia. Ni kweli nyumba bondeni zilikuwa zinabana mto na ni kweli hakuna aliyestahili kulala sehemu ambayo maji yanaweza kumzoa usiku na watoto wake, kwa hiyo kuhamishwa kwa fidia ya haki mimi siupingi. Lakini mchanga unaojaza Jangwani hautoki Jangwani. Unatoka juu, Pugu na Kisarawe ambako misitu imekatwa kwa mkaa na matofali, Kinyerezi na Segerea na Gongo la Mboto ambako kila wiki kiwanja kinasawazishwa, kifusi kinaachwa pembeni, barabara ya udongo inachongwa na greda alafu mvua ya kwanza inaibeba yote. Mwenye nyumba ya ghorofa mlimani anaupeleka mchanga mtoni sawa na mama aliyekuwa anauza samaki wa kukaanga pale Kigogo, tena zaidi, tofauti ni kwamba yeye hajavunjiwa. Ukimwondoa mtu wa chini ukamwacha wa juu aendelee, umetoa mashahidi ila chanzo kimebaki. Na taka ni hivyo hivyo, chupa inayoziba kalavati la Mchikichini inaweza kuwa imetupwa kwenye mtaro kilomita 10 kabla.

Panama walilielewa hili kwa maumivu. Mfereji wao ulifunguliwa Agosti 1914, mwaka uliofuata mlima ukaporomoka kwenye ule mkato wa Culebra na mfereji ukafungwa kuanzia Septemba 1915 mpaka Aprili 1916, karibu miezi saba, mfereji mpya kabisa. Waliendelea kuchimba udongo unaoporomoka kwa miaka mingi. Na baadaye wakaelewa kwamba ziwa Gatun ambalo ndo linalotoa maji ya kuinua meli lingejaa tope kama misitu ya mto Chagres ingeisha, kwa hiyo miaka ya 1980 wakatenga hifadhi ya taifa kule juu. Yaani mfereji wa meli unalindwa na miti iliyo milimani mbali na meli yoyote. Ule ukame wa 2023 ambao uliwafanya wapunguze meli kwa siku uliwakumbusha tena kwamba mfereji unaanzia pale mvua inapodondokea. Sisi mlima wetu ni Pugu. Msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi kila mti unaokatwa pale unalipwa na mtu wa Jangwani.

Tukifika kwenye hela ndo pagumu zaidi. Mkopo unajenga, mkopo hautunzi, mkopo una tarehe ya kufungwa. Baada ya tarehe hiyo mto utarudi kwa wenyewe, na wenyewe ni nani? Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu inasimamia maji, TARURA wana mitaro na barabara za mitaa, TANROADS wana daraja, Jiji la Dar es Salaam wana kingo moja, manispaa za Kinondoni na Ubungo wana kingo nyingine na vijito, na chanzo chenyewe kiko mkoa wa Pwani. Kila mmoja ana kipande na hakuna mwenye mto. Waholanzi ambao wametia hela humu wao kwao suala hili walilimaliza karne ya 13, walianzisha mabaraza ya maji yanayochaguliwa na wakazi wenyewe, yana kodi yake yenyewe isiyochanganywa na ya serikali kuu, na yapo mpaka leo, 21 nchi nzima, kazi yao ni maji tu, mifereji, kingo, pampu na kusafisha majitaka. Waziri akibadilika baraza halitetereki. Wamarekani nao walipochimba mfereji wa Erie, 1817 mpaka 1825, kilomita 584 kutoka Hudson mpaka ziwa Erie, walilipa deni kwa ushuru wa mashua zinazopita, na ushuru uliendelea mpaka 1882. Msimbazi hautapitisha mashua, kwa hiyo hauna ushuru. Lakini utapandisha bei ya ardhi. Bustani ikishakaa pale, viwanja vya Upanga, Magomeni na pembezoni mwa Jangwani vitapanda, na mpango wenyewe unategemea kuinua baadhi ya maeneo yajengwe majengo ya biashara. Faida hiyo haitaenda kwa aliyevunjiwa, itaenda kwa atakayejenga, na ndo maana naamini sehemu ya kodi ya viwanja hivyo ifungwe kisheria kwa ajili ya kutoa mchanga na isiguswe kwa jambo lingine. Kama faida inatokana na mto kuwa safi basi mwenye faida ausafishe.

Alafu kuna vijana wa mchanga. Kwa miaka mingi kuna watu wanaishi kwa kuchota mchanga Msimbazi na kuuza kwa mafundi ujenzi, na tumezoea kuwafukuza kama wahalifu kwa sababu wanachimba kingo na kuhatarisha madaraja, na kweli wakichimba hovyo wanaharibu. Lakini hebu tufikirie, mji unaojenga kila siku unanunua mchanga, mto una mchanga usiotakiwa, na kuna watu wenye koleo wanaotaka kazi. Ukiwapa leseni, ukawachorea wapi pa kuchimba na mpaka kina gani, ukajenga vidakio vya mchanga kule juu Kinyerezi na Tabata ambavyo lori linafika, unakuwa na kikosi cha matunzo ambacho kinajilipa kwa sehemu. Haitatosha peke yake, tope la chini lenye taka halinunuliki na itabidi Jiji lilipe, ila itapunguza mzigo na itawapa watu walewale wa mabondeni sehemu kwenye mto wao badala ya kuwa wanafukuzwa tu kila awamu.

Na alama za Li Bing tuzilete hapa, haziitaji mkopo. Kila mita mia kadhaa kutoka Kigogo mpaka Salenda, mkandarasi azike nguzo fupi ya zege yenye rangi kwenye sakafu ya mto pale kina kinapotakiwa kuwa, na ukutani karibu na madaraja apige mistari inayosomeka kwa macho. Kila Februari kabla ya masika na kila Septemba kabla ya vuli, kazi ya kutoa mchanga haikubaliwi kuwa imeisha mpaka nguzo zionekane, na mwenyekiti wa mtaa aende na wananchi wake wapige picha. Hapo hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kukagua. Kitu hiki kinatakiwa kiwe ndani ya mkataba kabla mkandarasi hajakabidhi, kwa sababu baada ya makabidhiano nguzo itakuwa ni gharama ya ziada na gharama ya ziada tunajua inavyojadiliwa. Vivyo hivyo na kasma ya matunzo, yaani fungu lake kwenye bajeti, mwaka wa serikali unaanza Julai, madiwani wa Jiji, Kinondoni na Ubungo wanapitisha bajeti miezi kabla, na kwenye vikao hivyo mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Anayetaka kujua Jangwani itakuwaje miaka kumi ijayo aende pale aombe kuonyeshwa mstari wa Msimbazi uko ukurasa gani na una shilingi ngapi.